Mama Mkwe Ndani ya Mnara wa Jua

Usiku ule nililala kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nilikula ugali wangu na kisamvu, nikanawa, nikamwambia mke wangu kesho jioni nikirudi aniite mhandisi, nikageukia ukutani. Sikusali sana. Mtu mwenye uhakika hasali sana, na mimi uhakika nilikuwa nao wa kuwagawia hata majirani.

Mimi ni fundi ujenzi. Shule nilisoma mpaka kidato cha pili. Kidato cha tatu nilikiona dirishani, nikipita na karai la mchanga kichwani, maana darasa lao la tatu nililijenga mimi. Kazi niliyokuwa nayo safari hii ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa: kukarabati mnara wa jua.

Kwetu huku nyanda za juu, juu ya kilima chenye upepo usiojua likizo, kuna mnara mweupe wa zamani, mrefu, mwembamba, una kofia ya bati ya duara inayofunguka katikati. Mgeni akiuona kwa mara ya kwanza anadhani ni mnara wa kanisa ambao kanisa lenyewe lilihama. Ulijengwa kwa kazi moja tu, kulitazama jua kila siku linapotoka. Baadaye vyombo vya kulitazama jua vikapelekwa huko huko angani, mnara ukafungwa, popo wakajiandikisha. Sasa ulikuwa unafufuliwa ili wanafunzi wa shule zetu waje walione jua lililoshushwa chini, na fundi mkuu wa kuufufua ni huyu anayekusimulia.

Ukiingia ndani unakuta jambo la ajabu. Ndani ya mnara kuna mnara mwingine. Wa nje ni mpana, wa ndani ni mwembamba kama bomba la moshi, umesimama peke yake kutoka kwenye mwamba mpaka kileleni. Ngazi zinazunguka katikati ya hiyo minara miwili, zimeshikwa na ukuta wa nje tu. Upande wa ndani, kati ya ukingo wa ngazi na ule mnara mwembamba, kuna mwanya wa upana wa kiganja, unapanda pamoja na ngazi mpaka juu. Ukidondosha kofia humo, umeagana nayo.

Sasa fundi gani ataona mwanya wa namna ile alale usingizi? Sisi methali ya kwanza kufundishwa kazini ni ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaisema mpaka kwenye chai. Nikamwambia Injinia Halima, msimamizi wetu, kwamba aliyejenga mnara ule aliishiwa saruji akatoroka, akaziacha ngazi zinaning'inia upande mmoja kama mlevi aliyeshikwa bega. Nikamweleza tutakavyopitisha nondo kutoka kwenye ngazi mpaka mnara wa ndani, tujaze zege mwanya wote, minara miwili iwe kitu kimoja, na mguu wa mtoto wa watu usizame humo.

Injinia alisita. Alisema michoro ya zamani haijapatikana, na mwanya ulioachwa kwa usawa ule kutoka chini mpaka juu huenda ulikusudiwa. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba mimi sikuhitimu, lakini ule ufa umehitimu. Akacheka. Mtu akishacheka umemshinda. Tukatoboa, tukafunga nondo, tukapiga mbao, na kilichobaki kilikuwa kuwasha mashine ya zege asubuhi.

Jambo moja sikulifikiria, na lilikuwa limelala na mimi kitanda kimoja. Mke wangu, Atu, ni mtoto wa mnara ule. Mama yake, marehemu mama mkwe wangu, alifanya kazi pale maisha yake yote, kazi ambayo ukiitaja watu wanadhani unatania. Alikuwa analichora jua. Alisomea kabisa, akaajiriwa, akalichora mpaka mnara ukafungwa.

Na mama mkwe na mkwe wake, kwetu, ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Hampeani mkono. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani ili mwenzake apite, na aliyeingia kwenye majani daima ni mimi, hata kama yana upupu. Chakula changu alikuwa anakiweka kwenye bakuli la bati la bluu, bakuli juu ya kigoda pale mlangoni, kisha anaondoka, ndipo nasogea nachukua. Na kuongea, alikuwa haongei na mimi. Anaongea na kitu kilicho karibu. "Paka," atasema, "mwambie mkwe wangu mvua inakuja, aingize saruji yake ndani." Paka amelala, mimi nakimbilia saruji. Uso wake sikuwahi kuutazama sawasawa. Lakini sijawahi kupendwa na mtu mzima kama nilivyopendwa na yule mama, na siku tunamzika nilisimama nyuma ya watu wote, mahali pangu, nikalia kwa nafasi.

Basi nikalala. Na katika kulala kule nikajikuta niko kilimani mchana kweupe.

Mirunda yangu ya kusimamia kazini haipo. Mashine haipo. Mnara umepakwa rangi nyeupe mpya, mweupe mpaka macho yanauma, na kuzunguka chini yake ile changarawe niliyoimwaga mimi wiki iliyopita haipo pia, kuna majani mafupi ya kijani, yamenyeshewa. Upepo unavuma ule ule. Nimesimama kwenye njia, kifua wazi, miguuni nina viatu vya mpira vyenye zege kavu, na kutoka mlangoni pa mnara anakuja mwanamke aliyevaa sweta ya bluu na kitenge, penseli ameichomeka kwenye kilemba.

Ningekutana na marehemu mwingine yeyote ningepiga yowe la kuamsha kata nzima. Nilipoona ni mama mkwe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta shati. Kwamba amekufa nilikumbuka, lakini ilikuwa kama habari ndogo. Habari kubwa ilikuwa kifua changu. Nikaruka nikaingia kwenye majani nikainama, nikijifunika kwa mikono kama mwali.

Akapita. Harufu yake ilikuwa ile ile, ya sabuni ya kipande na moshi wa kuni. Akasimama, akayatazama majani niliyoyakanyaga, akaongea nayo, taratibu, kama alivyokuwa anaongea na paka.

"Majani, mwambieni mkwe wangu asiwamwagie mawe. Ardhi ikikaa wazi inachemsha hewa. Na jua likipita kwenye hewa inayochemka, linafika kwetu limeshapikwa."

Nami nikaelewa pale pale, na nilivyo mzito wa kuelewa hilo peke yake lilitosha kunionyesha kuwa ni ndoto. Nikakumbuka barabara ya lami saa sita mchana, inavyotetemeka kwa mbali kama ina maji. Kumbe ndiyo maana mnara ni mrefu, jua lidakwe huko juu ambako hewa ya ardhini haijalifikia. Ndiyo maana mweupe, usinywe joto. Ndiyo maana majani, ambayo mimi nilidhani ni uvivu wa kutokufyeka.

Akaingia ndani. Sikuambiwa nimfuate, nikawa ninamfuata. Na hapo taabu yangu ikaanza, kwa sababu ngazi za mnara ule ni nyembamba, na hakuna majani ya kuingia. Yeye yuko mbele, mimi nyuma, nimejibana kwenye ukuta wa nje mpaka chokaa inanichora mgongoni. Anapanda bila kugeuka, kitenge chake kinapita kando ya ule mwanya wa kiganja, hakigusi huku wala kule. Nautazama mwanya. Katika ndoto nondo zangu hazimo. Upepo wa chini unapita humo unapiga mluzi mdogo.

Tuko juu. Sijui ngazi ziliisha lini. Kofia ya bati imefunguka na mawingu yanapita karibu kama majirani, na pale katikati, juu ya kichwa cha mnara wa ndani, kuna vioo viwili vikubwa vya duara. Kimoja kinazunguka polepole sana, kinaendeshwa na mashine kama ya saa ya ukutani, kinalifuata jua kama kuku anavyomfuata mwenye mahindi. Kinalidaka, kinamrushia mwenzake. Mwenzake analirusha chini, wima, ndani ya mnara mwembamba kama ndoo inavyoshuka kisimani. Nikataka kusogea nichungulie. Nilikuwa nimeshainua mguu, na kumbe mguu umeelekea mnara wa ndani, umeshavuka mwanya. Mama mkwe hakuniambia kitu. Alikohoa tu. Kikohozi kile nakijua, ndicho alichokuwa anakohoa nikikaribia mlango kabla hajaondoka kwenye kigoda. Nikarudisha mguu wangu.

Halafu tuko chini. Chini kabisa, chini ya ardhi, kwenye chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, kuna ubaridi wa pango na giza la kupapasa. Kuna meza nyeupe. Na juu ya meza kuna jua.

Sijui nikwambieje. Umewahi kulitazama jua? Hujawahi. Hakuna aliyewahi, tunalikwepa tu toka kuzaliwa, kama mimi na mama mkwe. Na sasa liko mezani, kubwa kama sinia la pilau ya harusi, limetulia, halichomi. Lina rangi ya maziwa yaliyokolea siagi. Na lina madoa, madoa meusi madogo, mengine mawili mawili, mengine yamekusanyika kama punje za ufuta zilizomwagika. Nilijua kwamba jua lina joto; sikujua kwamba lina sura.

Mama mkwe amechomoa penseli. Anaweka karatasi pale pale juu ya meza, jua linakaa juu ya karatasi, naye anafuata duara, kisha doa moja moja. Mkono wake hauna haraka. Na mimi nimebana pembeni kwenye ukuta wa mwamba, kwa mara ya kwanza maishani namwona akifanya kazi. Najua, bila kuambiwa, kwamba jana alichora hivi na juzi alichora hivi, na ukizipanga karatasi zake madoa yanatembea, na ndivyo walivyojua kwamba jua linajizungusha. Najua kwamba madoa yakizidi, jua linachafuka, na likichafuka redio za huku chini zinakwaruza na nyaya za umeme zinapata wazimu, kwa hiyo lazima mtu awe anaangalia. Na mtu mwenyewe ni huyu. Upande wa pili wa chumba ameacha mwanga wa jua upite kwenye tundu jembamba na kipande cha kioo, na ukutani mwanga umefunguka rangi zote kama khanga zilizoanikwa, na katikati ya rangi kuna mistari myeusi, na kila mstari unataja kitu kilichomo kwenye jua, chuma hiki hapa, chumvi hii hapa. Jua limewekwa mezani linahojiwa na linajibu.

Huko nje upepo umekuwa mkali. Nausikia unaupiga mnara, mnara mzima unaguna. Nikasubiri jua litikisike. Halikutikisika. Mama mkwe akaongea na meza.

"Meza, mwambie mkwe wangu apige ukuta."

Nyundo kubwa ikawa mkononi mwangu. Nikapanda nikapiga ukuta wa nje, kwa heshima kwanza, halafu kwa nguvu, halafu kama ninabomoa. Ukuta unalia. Na jua, ninaliona kutoka huko huko nilipo, sijui kwa jicho gani, limetulia mezani kama mtoto aliyeshiba. Upepo wote, nyundo yote, joto lote vinaishia kwenye mnara wa nje. Havivuki. Vinafika kwenye mwanya vinakosa pa kukanyaga.

Unadhani baada ya hapo nilijifunza? Mimi? Nikatazama mikono yangu, nikaona karai la zege.

Namwaga. Mikono inakwenda yenyewe, na naona fahari, maana zege ni zuri, limechanganywa vizuri, halina maji mengi. Namwaga kwenye mwanya, na mwanya unakubali, unapokea, unajaa hatua kwa hatua. Najisikia nikiimba. Mnara wa nje na wa ndani wanashikana mikono. Na chini mezani jua linaanza kutetemeka.

Kidogo kwanza, kama uji unaokaribia kuchemka. Kisha linachemka. Madoa yanakimbia hovyo, mawili yanakuwa manne, manne yanakuwa ukungu. Penseli ya mama mkwe inafuata doa, doa linahama, inafuata tena, na mstari wake, ule mstari uliokuwa hauna haraka, unakuwa kama maandishi ya kuku. Kuna wanafunzi wamepanga foleni kwenye chumba kile, sweta zao za shule, wananong'ona. Mmoja anauliza mwenzake, hivi jua lenyewe ndiyo hili? Mwenzake anamjibu hata yeye haoni kitu. Mama mkwe ameacha kuchora. Hajakasirika. Angekasirika ningefurahi. Ameweka penseli mezani, amekunja mikono mapajani, anasubiri, kama mtu aliyefika ofisini akakuta imefungwa.

Nataka kuacha kumwaga. Karai haliishi.

Na tena tuko kwenye ngazi, yeye ukuta ule na mimi ukuta huu, na katikati yetu zege linapanda. Linatusukuma. Limefika magotini, limefika kiunoni, na kadiri linavyojaa ndivyo kuta zinavyokaribiana, mimi nasogezwa kwake na yeye anasogezwa kwangu, na hakuna majani, hakuna mlango, hakuna kigoda. Nimejibana mpaka nimekuwa karatasi. Nimefumba macho. Namwomba Mungu anichukue, anipitishe hata kwenye tundu la nondo, lakini bega langu lisiguse bega la mama yake Atu. Miaka yote ile, mvua zote zile, misiba na harusi, tumeweza. Leo zege langu mwenyewe ndilo linatuvunjia heshima.

Ndipo akaongea. Hakusema paka, wala majani, wala meza. Aligeuza uso, nikafumbua macho, nikamwona kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Atu. Aliniita jina langu la ukweni.

"Mkwe wangu. Wewe na mimi hatukuwahi kugusana, na hatukuwahi kukoseana. Hapo katikati si pabovu. Usipazibe."

Zege likasimama. Nikataka kumjibu, na kwa kuwa sikuwahi kumjibu moja kwa moja sikujua naanzia wapi. Nikatafuta kitu cha kuongea nacho, paka, ukuta, chochote. Nikafungua mdomo.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Nilikuwa nimejibana kwenye ukuta wa chumba, nimelala kwa ubavu kama ubao ulioegeshwa, kitanda chote nimekiacha wazi. Atu alikuwa ameamka, ameegemea kiwiko, ananitazama.

"Umejibana kama mjusi," akasema. "Kitanda chote hiki umemwachia nani?"

"Nampisha mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Hakucheka. Aliniuliza kama nilimsalimia vizuri. Nikamwambia nilikuwa kifua wazi, akashika kichwa. Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye zege niliona uso wake unabadilika. Akaniuliza taratibu kama kweli nilitaka kuziba ule mwanya wa ngazini. Nikasema ndiyo, leo asubuhi. Akakaa kitako.

Akaniambia walipokuwa wadogo walikuwa wanampelekea mama yao chakula kule, na siku moja kaka yake alichomeka bua la muhindi pale katikati ya ngazi na mnara wa ndani, mchezo tu, bua likakwama. Mama yao, ambaye hakuwa mtu wa fimbo, siku ile alitafuta fimbo. Wote waliofanya kazi mnarani walikuwa wanaziita zile kuta mbili wakwe. Kwa nini, hakuwahi kuuliza, alidhani ni utani wa ofisini.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeonewa, mbona hakuniambia.

"Hukuniambia unaziba," akasema Atu. "Uliniambia unaimarisha."

Nikatafuta simu. Injinia Halima alipokea akiwa njiani kuja kilimani. Nikamwambia tusimwage. Nikamwambia mwanya umekusudiwa, mnara wa nje ni wa kupigwa upepo na wa ndani ni wa kushika vioo, wakigusana jua halitatulia mezani, na tutakuwa tumewajengea wanafunzi ngazi nzuri sana ya kwenda kutazama uji. Akasema jambo hilo lina akili, na kwamba ndilo lililokuwa linamkwaruza kichwani toka mwanzo, ila nimelitoa wapi usiku mmoja. Nikamwambia ukweli.

"Fundi, unataka niandike kwenye ripoti kwamba umeota?"

"Andika nimepima," nikasema. "Nakuja na kipimo."

Maana katika ufundi wetu, ukibishana na mwenzako kuhusu usawa, hakimu ni maji. Maji hayana mjomba. Nikamwomba Atu kitu cha kuwekea maji. Akaingia jikoni akakaa kidogo, nikadhani anatafuta kikombe. Nilipotoka nimevaa, na safari hii shati nilifunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikakuta kigoda kiko mlangoni, na juu ya kigoda bakuli la bati la bluu. Yeye alikuwa amesimama kando, ananipa mgongo, kama mama yake. Nikasogea, nikalichukua, nikaenda.

Kule kilimani mashine ilikuwa inanguruma, vijana wamepanga foleni na makarai. Injinia akawaambia wasubiri. Tukapanda mpaka kileleni, nikaweka bakuli juu ya kichwa cha mnara wa ndani, pale vioo vilipokuwa, nikalijaza maji. Nikafunga gunia kwenye nyundo nisiumize ukuta, nikapiga ukuta wa nje. Nondo zangu bado zilikuwa zimeshika kuta zote mbili, na maji yakatetemeka, yakapiga viduara mpaka ukingoni. Injinia akaniambia nipige tena. Yakatetemeka tena. Alishuka mwenyewe akaita mtu wa msumeno.

Mpaka jua linafika kichwani tulikuwa tumezikata zote, na matundu tumeyapaka chokaa. Zege lililokwishachanganywa likaenda kujenga sakafu ya choo cha wanafunzi, na ni choo imara kuliko vyote wilayani. Changarawe nilianza kuizoa mwenyewe, maana aliyeimwaga anajulikana. Kisha tukapanda tena, tukafungua kofia ya bati. Upepo ulikuwa unavuma kama unalipwa. Nikapiga ukuta, kwa heshima, halafu kwa nguvu, halafu kama ninabomoa.

Ndani ya bakuli kulikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na jua dogo. Halikutikisika.

Injinia aliinama akalitazama kwa muda mrefu, halafu akasema anashuka kufuta kazi ya leo kwenye mpango na kuagiza wavu wa kukinga miguu, utakaofungwa kwenye ngazi tu, usiguse ng'ambo. Nikabaki peke yangu pale kwenye ngazi. Nilikuwa bado nadaiwa jibu, lile lililonikwama mdomoni nilipoamka, na sasa nilijua la kusema na pa kulisemea. Nikajibana kwenye ukuta wa nje, nikaacha njia wazi, nikatazama chini.

"Mnara," nikasema, "mwambie mama nimesikia. Na mwambie leo nimevaa shati."